Mahameli Iliyovuliwa: Kisa cha Pembe za Kulungu na Madaftari Mawili ya Rekodi

Kisa hiki nilikishuhudia nikiwa na glavu mikononi. Nafanya kazi kwenye karakana ya kukausha nyara katika jimbo la Kentucky, Marekani, na mhusika alikuwa mteja wetu. Jina lake, kaunti yake, mwaka wenyewe na jina la karakana nimeviacha. Mwenyewe amesoma rasimu akaridhia. Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu kila Septemba napigiwa simu na mtu wa kwetu mwenye swali lilelile, na mara nyingi simu inafika wakati kichwa cha mnyama kimeshalala kwenye friza siku tatu.

Swali lenyewe ni hili: kulungu aliyeuawa pembe zake zikiwa bado zimevaa mahameli, yaani ile ngozi laini inayozifunika zinapokua, anaingiaje kwenye madaftari ya rekodi za uwindaji?

Mnyama na majira yake

Aliyezoea wanyama wa kwetu itabidi ajifunze upya maana ya neno pembe. Pofu, tandala na swala wana pembe za kudumu: mfupa ndani, ala ngumu nje, na mnyama hufa nazo. Kulungu ninayemsema hapa si yule pongo wa vichakani ambaye baadhi yetu humwita kulungu. Ni jamii ya wanyama wa Marekani, Ulaya na Asia ambao dume hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Pembe zake ni mfupa mtupu, wenye matawi, na mfupa huo hukua kwa miezi michache tu, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Katika mwili wa mamalia ni tishu chache sana zinazokua kwa kasi hiyo.

Wakati zinakua, pembe hufunikwa na ngozi laini yenye vinyweleo vifupi vilivyosongamana na mishipa tele ya damu. Wawindaji wa huku wanaifananisha na kitambaa cha mahameli, na ukiigusa huwezi kubishana nao. Mnyama akiwa hai ngozi hiyo ina joto, na ikijeruhiwa inatoa damu. Siku zinapoanza kuwa fupi, homoni ya testosteroni hupanda, mfupa hukomaa, damu hukatika, ngozi inakauka na kuchanika. Dume husugua pembe kwenye miche na vichaka mpaka ibaki mifupa mitupu, na mara nyingi kazi yote hiyo haizidi siku moja. Yupo dume ambaye mahameli yake haitoki kamwe kwa sababu korodani zake ziliumia au hazikushuka, lakini huyo ni kisa kingine.

Kulungu mkia-mweupe wa Kentucky wengi huvua mahameli kati ya mwisho wa Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba. Msimu wa upinde wa jimbo hili hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Zinapatikana siku chache, pengine wiki moja, ambazo mtu mwenye kibali na upinde anaweza kukutana na dume ambaye bado amevaa. Kisa chetu kilitokea ndani ya siku hizo.

Madaftari mawili, maswali mawili

Boone and Crockett Club ni klabu ya wawindaji iliyoanzishwa mwaka 1887, Theodore Roosevelt akiwa mstari wa mbele, wakati wanyama wakubwa wa Amerika Kaskazini walikuwa wanakwisha. Daftari lake la kwanza la rekodi lilitoka 1932, na mfumo wa upimaji unaotumika hadi leo ulipitishwa 1950. Kwa kulungu mkia-mweupe mwenye pembe za umbo la kawaida, mpimaji hujumlisha urefu wa mashina mawili (mhimili mkuu wa kila pembe), urefu wa matawi, upana wa ndani kati ya mashina, na mizunguko minne ya kila pembe, yaani mizunguko 8 kwa jumla. Kisha hukata tofauti kati ya kushoto na kulia. Kipimo husomwa kwa thumni ya inchi, yaani sehemu ya nane, na kila inchi ni alama moja. Alama 160 zinakuingiza kwenye kitabu cha kipindi cha miaka mitatu, na 170 zinakuingiza kwenye daftari la kudumu. Bunduki au upinde, kwao ni sawa, ilimradi mnyama awe huru na uwindaji uwe wa haki.

Pope and Young Club ni ya wapiga upinde peke yao. Ilianzishwa 1961 na imebeba majina ya Saxton Pope na Arthur Young, ambao mwaka 1925 walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Hupenda kuwakumbusha hilo wateja wangu wa Kitanzania. Klabu hii hutumia mfumo uleule wa Boone and Crockett, ila kiwango cha kuingia ni cha chini: alama 125 kwa mkia-mweupe wa umbo la kawaida.

Kwenye mahameli ndipo wanapoachana. Boone and Crockett hawapimi pembe zenye mahameli. Ukitaka kuingia kwao, lazima ivuliwe yote kwanza, upimwe mfupa. Pope and Young wanaipokea nyara na mahameli yake, ila wanaiorodhesha kando, isichanganyike na pembe zilizovuliwa. Na wote wawili wanadai pembe zikae siku 60 zikikauka hewani, kwenye joto la kawaida la chumba, kabla ya kipimo rasmi. Friza haihesabiki. Ukigandisha au ukichemsha, siku 60 zinaanza baada ya hapo. Sharti hili la mwisho watu wengi hawalijui, na limo katikati ya kisa chetu.

Jumamosi hadi Alhamisi

Nitamwita Baba Furaha. Alizaliwa mashariki mwa Congo, akaishi miaka kambini Tanzania, sasa anafanya kazi ya ghala huku. Upinde alifundishwa na wenzake wa kazini. Alinunua upinde wa kisasa wenye kapi, akafanya mazoezi uani kwa rafiki kiangazi chote, akapata kibali, na shamba aliloruhusiwa kuwinda lilikuwa na soya iliyoanza kupata manjano.

Jumamosi ya ufunguzi, jua likielekea kuzama, dume lilitoka kwenye mstari wa miti likaja likila majani ya soya mpaka mita 20 kutoka kwenye kiti chake. Mshale mmoja. Likakimbia, likaanguka ndani ya shamba. Giza lilikuwa halijakolea alipolifikia.

Hapa alifanya mambo mawili mazuri bila kufundishwa na mtu. Hakumshika mnyama pembe wakati wa kumvuta, alishika miguu, kwa sababu aliogopa kuichafua ile ngozi. Na alipiga picha nyingi: mbele, kushoto, kulia, karibu na mbali. Kisha akatoa taarifa ya mnyama kwa simu kama sheria ya jimbo inavyotaka.

Usiku huo rafiki yake alitoa futi ya cherehani ya mkewe, wakapima juu ya meza ya jikoni. Baada ya kujumlisha na kukata tofauti walipata 172 na 2/8. Nadhani hakuna aliyelala. Namba hiyo ilikuwa juu ya 170, na wenzake wa kazini walijua 170 ni nini.

Jumapili karakana imefungwa, nje joto limepita nyuzi 30. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akafunga kichwa kwenye mfuko wa plastiki, akakitia kwenye friza. Alitufikia Jumatano baada ya zamu.

Nakumbuka alivyofungua ule mfuko. Ukungu wa barafu ulitoka kwanza, kisha pembe. Rangi ya kahawia iliyofifia, kama ganda la ndizi lililoiva sana, na vinyweleo vimelala upande mmoja pale plastiki ilipogandamiza. "Mudogo wangu, gusa hii," aliniambia. "Iko kama kitambaa ya bibi-arusi." Niligusa. Ilikuwa hivyo kweli, isipokuwa ncha ya tawi la pili la kushoto, ambayo ilikuwa imevimba na kulainika. Nilipopitisha kidole, vinyweleo vilibaki kwenye glavu.

Bosi wangu akauliza, "Unataka mahameli ibaki?" Baba Furaha akajibu ndiyo. Bila shaka angesema ndiyo, maana kwake hiyo ndiyo ilikuwa nyara. Hakuna aliyemuuliza kuhusu daftari. Hakuna aliyemuuliza kama amepima. Alhamisi, pembe zilipoyeyuka, nilizichoma sindano ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, kuanzia chini, tukachana ncha kidogo ili damu iliyobaki itoke, tukaning'iniza kichwa chini juu. Fomalini ni sumu na imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa mlango ukiwa wazi na barakoa usoni. Kazi ilienda vizuri, ila ile ncha moja haikupona. Vinyweleo vilinyonyoka, pakabaki kidoa cheupe cha ukubwa wa kidole gumba.

Uamuzi

Wiki mbili zikapita. Mwenzake mmoja wa ghala akamwambia kuwa daftari kubwa halipokei mahameli. Baba Furaha akaja siku hiyohiyo, uso umebadilika. Tukampigia mpimaji rasmi, mzee mmoja anayejitolea, ambaye alikubali kuja kuona, ila si kupima.

Mzee yule alieleza polepole, nami nikitafsiri. Njia ya kwanza: acha mahameli, subiri siku 60 za kukauka, pima, ingia Pope and Young kwenye orodha ya mahameli. Kwa ukubwa huu utakuwa mbali juu ya kiwango, kwenye orodha ambayo ni fupi. Njia ya pili: vua yote, subiri siku 60 kuanzia pembe zitakapoacha kuloweshwa, pima mfupa. Ukizidi 160 unaingia kitabu cha kipindi cha Boone and Crockett, ukizidi 170 daftari la kudumu, na kwa kuwa ulitumia upinde, Pope and Young watakupokea pia kwenye orodha ya kawaida. "Lakini ikishatoka," alisema, "hairudi."

Baba Furaha akauliza: nitabaki juu ya 170? Mzee alikataa kukisia. Alisema tu kwamba mahameli mbichi huongeza, na kwamba asingeweka dau. Hapo ndipo bosi wangu alipotia neno: "Kwa mawazo yangu utabaki." Alisema kwa nia njema. Lilikuwa kosa, nami sikulisahihisha.

Alichagua kuvua. Sababu zake alinieleza baadaye, na ni za haki. Ile ncha yenye kidoa ilimsumbua. Kila akiiangalia aliona imeharibika, na alijiambia kwamba mahameli yenye doa si mahameli kamili. Daftari ambalo watu anaofanya nao kazi wanalijua ni lile la Boone and Crockett. Na kulikuwa na jambo lingine alilolisema kwa sauti ndogo: katika nchi hii jina lake halijaandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi za wahamiaji na za mshahara. Alitaka liandikwe mahali ambapo halitafutwa.

Sijawahi kuisikia sababu nzito kuliko hiyo kutoka kwa mwindaji yeyote.

Siku mbili za kuvua

Mahameli mbichi ya mnyama aliyeuawa leo, wakati wake wa kuvua ukiwa umekaribia, unaweza kuibandua kwa vidole na kisu butu. Iliyokwisha kupigwa fomalini ni shughuli nyingine kabisa. Dawa ile kazi yake ni kuifanya ngozi ishikamane na isioze, na ilikuwa imeifanya kazi yake. Tulifunga matambaa yenye maji ya uvuguvugu kuzunguka pembe, tukasubiri, tukakwangua kwa kipande cha mbao ili tusichubue mfupa, tukafunga tena. Ilitoka vipandevipande, kama ganda la mhogo mkavu. Chini yake mfupa ulikuwa mweupe kama chokaa, umechorwa mifereji midogo pale mishipa ilipopita.

Jioni ya siku ya pili alikuja na binti yake, mtoto wa miaka tisa ambaye mara ya kwanza alikuwa amepitisha shavu lake kwenye pembe zile. Akasimama mlangoni akatazama. "Nywele zake zimeenda wapi?" Baba yake hakujibu. Kwenye meza palikuwa na lundo la mahameli lenye ukubwa wa sahani. Nilimpa mtoto kipande kimoja kilichobaki laini, nikakikausha kwanza kwa chumvi.

Tukaandika tarehe ya kuacha kulowesha kwenye kibandiko, tukakifunga kwenye fuvu. Siku 60 zilianza kuhesabiwa hapo, karibu mwezi mzima baada ya mshale.

Kipimo

Mzee alirudi Desemba na tepu yake nyembamba ya chuma na waya laini wa kufuata mkunjo wa shina. Alichukua zaidi ya saa moja, na kila namba aliisoma kwa sauti. Mwisho aliandika 168 na 5/8.

Tulikaa kimya. Kisha Baba Furaha akauliza inchi zake tatu na zaidi zimepotelea wapi, na mzee akaweka karatasi mbili sambamba, ile ya jikoni na yake.

Mizunguko 8 ilipoteza jumla ya inchi 1 na 7/8. Urefu wa mashina na matawi ulipungua inchi 1 na 1/8, kwa kuwa kila ncha ilikuwa na kofia ya ngozi na damu. Upana wa ndani ulipungua 3/8 fuvu lilipokauka. Na tofauti za kushoto na kulia, ambazo mahameli ilikuwa imezificha kidogo, ziliongeza makato ya 2/8. Jumla 3 na 5/8.

Nyara iliingia kitabu cha kipindi cha Boone and Crockett na orodha ya kawaida ya Pope and Young. Daftari la kudumu lilimpita kwa inchi 1 na 3/8.

Uchambuzi

Nianze na hesabu, maana hesabu ingeweza kumwokoa siku ya kwanza. Ngozi yenye unene wa milimita 1 inayozunguka pembe huongeza mzunguko kwa milimita 6.28, ambayo ni karibu sana na robo inchi. Zidisha kwa mizunguko 8: unapata kama inchi 2 ambazo si mfupa. Huhitaji kuwa mtaalamu, kalamu inatosha. Mtu mwenye 172 na 2/8 juu ya mahameli mbichi alipaswa kuambiwa palepale kwamba uwezekano wa kubaki juu ya 170 ni mdogo. Angekuwa na 180, au angekuwa na 165, uamuzi ungekuwa mwepesi. Walio katikati ndio wanaoumia, nao ndio wanaoshawishika zaidi na namba ya jikoni.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini Boone and Crockett wanadai mfupa, na naona wako sahihi. Daftari lao linataka dume la 1950 lilinganishwe na la mwaka huu kwa kipimo kimoja. Unene wa mahameli hubadilika kwa tarehe, na hata kwa muda pembe zilivyohifadhiwa. Ukiuruhusu, unampa zawadi aliyewahi kuua siku kumi mapema, na daftari linaacha kusema lolote la kuaminika kuhusu mnyama.

Pope and Young nao wako sahihi, kwa sababu nyingine. Wapiga upinde ndio wanaoingia porini mapema, wakati mahameli bado ipo. Kuwalazimisha wote wavue ni kuwalazimisha waharibu kitu ambacho ni cha kweli na cha nadra ili kitoshee kwenye fomu. Orodha ya kando inatatua hilo bila kumdhulumu mwenye pembe ngumu. Kuwa na madaftari mawili yenye majibu tofauti hakukuleta tabu yoyote kwenye kisa hiki. Tabu ilianza pale sisi wa karakana tulipomwacha mteja akadhani yote mawili yanajibu swali moja.

Makosa yetu yalikuwa ya mfuatano, na kila moja lilifungua mlango kwa lingine. Friza, kwanza, si kosa la Baba Furaha. Joto lile lingeharibu mahameli kwa saa chache, nzi wangetaga kwenye damu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza Jumapili. Lakini mfuko wa plastiki uliofungwa ulibana unyevu, na nadhani ndio ulioiua ile ncha. Na tungempokea kwa swali la daftari kabla ya sindano, tungezuia jambo baya zaidi: tulitia dawa ya kudumu kwenye uamuzi ambao ulikuwa haujafanywa. Fomalini iliongeza siku mbili za kukwangua, ikatulazimisha kulowesha, na kulowesha kukairudisha saa ya siku 60 mwanzo. Pembe mbichi ambazo hazijachomwa zingetoka ngozi kwa nusu saa.

Kisha yale maneno ya bosi. Mkaushaji nyara si mpimaji. Mtu mwenye hamu akisikia "kwa mawazo yangu utabaki" anasikia "utabaki". Mzee alikataa kukisia akiwa na uzoefu wa miaka mingi, nasi tulikisia bila tepu. Hili naliona zito kuliko kosa la sindano, kwa kuwa sindano ilitokana na kutojua.

Yaliyokwenda vizuri yapo. Zile picha za shambani ndizo ushahidi pekee uliobaki wa mnyama jinsi alivyokuwa, na leo zimetundikwa kando ya pembe nyeupe. Taarifa kwa jimbo ilitolewa kwa wakati, kwa hiyo karatasi za madaftari hazikukwama. Mpimaji alikuja kueleza kabla ya kupima, akazitaja njia zote mbili kwa usawa, na alipopima hakulegeza thumni hata moja ingawa alimwona mtu ameinama mbele yake. Heshima ya daftari inatoka kwa watu kama yeye.

Kuhusu ile ncha yenye doa, nimeifikiria sana. Ilimfanya aone kitu kizima kimeharibika, wakati zaidi ya asilimia 95 ya mahameli ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyemwonyesha doa lile, siku ya kwanza, kwa kunyoosha kidole. Ningemwonyesha pia yale matawi mengine, labda angeamua vingine. Labda asingebadilika. Jina lake lilitaka mahali.

Tulichobadilisha karakanani

Juu ya friza yetu sasa kuna karatasi ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mteja mwenye mahameli anaulizwa kabla ya mfuko kufunguliwa: unawazia daftari lolote? Lipi? Nani amepima, na kwa tepu ipi? Kama hajui, hatugusi sindano. Pembe zinakaa kwenye baridi kavu, bila plastiki, na tunampa siku mbili na namba ya mpimaji. Kichwa kinachohitaji kusubiri zaidi tunakigandisha kikiwa kimefungwa kwa kitambaa chepesi, na tarehe ya kutoka friza tunaiandika kwa wino mweusi. Kuhusu alama hatusemi chochote, hata tukiombwa.

Septemba iliyofuata Baba Furaha alinipigia saa tatu usiku, wikiendi ya ufunguzi. Nilisikia vyura nyuma yake. Dume dogo kuliko la kwanza, matawi manane, mahameli kamili kila mahali.

"Mudogo, siyatia friza. Niko naye kando ya gari, nimeweka barafu kwa shingo. Tuongee kwanza."

Nilimwuliza kama amepima. Akasema futi iko nyumbani, na ibaki huko. Mtoto ameshauliza kama nywele zitabaki, naye amemwambia ndiyo. Alitaka kujua jambo moja tu, kama anaweza kuleta kesho asubuhi kabla ya ibada. Nilimwambia nitafungua mlango saa moja.